Usimwache Njiani kwa Sababu Ameugua

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Samweli 30:11–20, Luka 7:1–10, Wafilipi 2:25–30



Jumapili tulipoanza somo hili niliomba waajiri wote wasimame. Walisimama wachache: wenye maduka, mkurugenzi wa shule, wenye hoteli. Nikauliza tena. Nani hapa ana msichana wa kazi nyumbani? Nani ana kijana wa kuchunga ng'ombe? Nani amempa mtu pikipiki amletee hesabu kila jioni? Nani ana watu wa kuchuma majani chai kule Nyansiongo, Kebirigo au Nyamache? Nani ana dada wa saluni, mtu wa M-Pesa, mlinzi wa usiku? Tulipofika mwisho karibu nusu ya kanisa walikuwa wamesimama. Basi tuelewane kutoka mwanzo: ukimlipa mtu mshahara, hata kama ni mmoja tu, wewe ni mwajiri, na Biblia ina neno kwako.

Neno lenyewe ni hili. Siku moja yule mtu atakuja na karatasi ya hospitali. Itakuwa ni kansa, au figo, au kifua kikuu, au moyo, au virusi vya ukimwi. Atasimama mlangoni akiikunja ile karatasi mkononi, kwa sababu anaogopa vitu viwili kwa wakati mmoja: anaogopa ugonjwa, na anakuogopa wewe. Utakachomwambia dakika ile atakikumbuka kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia.

Mwajiri wa Kiamaleki

Hebu tufungue 1 Samweli 30. Daudi na watu wake 600 wamerudi Siklagi wakakuta mji umechomwa. Wake zao na watoto wao wamechukuliwa. Wamelia mpaka nguvu zimewaisha. Sasa wako mbioni kuwafuata Waamaleki, na watu 200 wamechoka wakabaki kwenye kijito cha Besori. Katikati ya mbio hizo wanamkuta kijana mmoja Mmisri amelala shambani. Hajala wala kunywa maji siku tatu, mchana na usiku.

Alifikaje pale? Mwenyewe anaeleza. Alikuwa mtumishi wa Mwamaleki. Akaugua. Bwana wake akamwacha.

Ndugu zangu, angalieni vizuri. Biblia haisemi yule Mwamaleki alimpiga. Haisemi alimtukana. Alimwacha tu, akaendelea na safari yake. Pengine alikuwa na hesabu zake: tuna mateka, tuna mifugo, huyu atatuchelewesha. Mimi nimesomea biashara chuoni, hesabu ya namna hiyo naijua. Kwenye karatasi inaonekana sawa kabisa. Mtu hazalishi, mtu anagharimu, mtu anaondolewa.

Sasa niulize swali ambalo litatuuma. Ukoo wa Waamaleki uliisha? Msichana wa kazi anaanza kukohoa, wiki ya pili anawekwa kwenye matatu na nauli na mkoba wake: "Nenda nyumbani upone kwanza." Hakuna aliyempigia tena. Mchuma chai anapata uvimbe, jina lake linakosekana tu kwenye orodha ya Jumatatu. Kijana wa boda anaambiwa figo zimeharibika, jioni ile ile pikipiki inapewa mtu mwingine. Hakuna aliyegombana. Hakuna aliyefukuzwa kwa maneno makali. Wote waliachwa njiani na watu wapole, na wengine wetu tuna kadi za ushirika za kanisa hili.

Daudi alilisha kabla ya kuuliza

Linganisha na Daudi. Kama kuna mtu alikuwa na sababu ya kupita, ni yeye. Familia yake iko mikononi mwa adui, kila saa ni ya thamani. Lakini walimpa kijana yule mkate akala, wakampa maji, wakampa kipande cha andazi la tini na vichala viwili vya zabibu kavu. Roho yake ikamrudia. Baadaye ndipo Daudi akamuuliza: wewe ni wa nani, na umetoka wapi?

Huo mpangilio ndio mahubiri. Chakula kwanza, maswali baadaye. Sisi tunageuza. Mtu analeta karatasi, na sisi tunaanza: Ulikuwa wapi usiku? Kwenu kuna huu ugonjwa? Kwa nini hukusema mapema? Na kazi itafanywa na nani? Mpendwa, mpe kiti kwanza. Mpe maji. Mwambie pole. Mwambie: "Leo hatuzungumzi habari ya kazi. Nimekusikia, na sitakuacha." Maswali ya kazi yapo na tutayafikia, lakini yana siku yake.

Mnajua mwisho wa habari. Yule kijana aliyetupwa ndiye aliyemwongoza Daudi mpaka kambi ya adui, na Daudi akarudisha vyote. Ningeweza kuhubiri hapo kwamba ukimsaidia mfanyakazi mgonjwa Mungu atakurudishia biashara yako mara saba. Sitahubiri hivyo. Daudi alimlisha kabla hajajua kama atamfaa kwa lolote. Angemlisha hata kama angekufa jioni ile. Kama Mungu atakulipa, atakulipa kwa njia yake, lakini wewe usimlishe mgonjwa kama mtu anayeweka akiba.

Akida alijua hali ya mtumishi wake

Twende Luka 7. Pale Kapernaumu kulikuwa na akida, afisa wa jeshi la Kirumi. Mtumishi wake anaumwa, yuko karibu kufa. Luka anatuambia mtumishi huyo alikuwa wa thamani kwake. Mathayo anaongeza kwamba alikuwa amelala nyumbani, amepooza, ana maumivu makali.

Akida alijua mtumishi wake amelala wapi. Alijua anaumwa nini na maumivu yamefika kiasi gani. Wewe unajua mlinzi wako anaishi wapi? Unajua jina la mke wake? Akikosa kuja siku mbili, utampata wapi?

Jambo la kwanza ni kumtembelea. Usitume ujumbe wa simu pekee. Panda, nenda mpaka kwake Suneka au Ekerenyo, keti kwenye kile kiti atakachokupa, kunywa uji kama umewekwa. Utajua kwa dakika kumi mambo ambayo ofisini ungekaa mwaka bila kuyajua: nani anampikia, maji yako mbali kiasi gani, watoto wanasoma wapi.

Jambo la pili ni siri. Hapa Kisii habari hutembea kuliko matatu. Mtu akikuambia ugonjwa wake, amekupa kitu ambacho si chako. Muulize: "Nani unataka ajue, na tuseme nini kwa wengine?" Kisha ufanye vile alivyosema. Usiipeleke kwenye grupu la WhatsApp kwa jina la "ombi la maombi". Maombi hayahitaji jina la ugonjwa. Mungu analijua tayari. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu au kwa kuwa ana virusi vya ukimwi. Tena hairuhusiwi kumlazimisha mtu apimwe virusi ndipo umpe kazi. Dunia imeandika hayo kwenye sheria. Kanisa lisiwe nyuma ya dunia.

Jambo la tatu ni kuacha kutafuta mchawi. Nalisema hili wazi kwa sababu tuko Gusii. Mtu akiugua kazini, mnong'ono wa kwanza ni: nani amemfanyia? Tunakumbuka Oktoba 2021 kule Marani, akina mama wanne wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Damu ile ilianza na minong'ono. Mwajiri Mkristo akisikia mnong'ono huo dukani kwake, anauzima siku hiyo hiyo.

Akida alitumia jina lake

Angalia tena. Akida hakuketi tu kando ya kitanda akilia. Alituma wazee wa Wayahudi. Wazee wakaenda kwa Yesu wakamshuhudia kwamba mtu huyu ndiye aliyewajengea sinagogi. Kisha akatuma marafiki. Jina lake, heshima yake, urafiki wake, vyote alivitumia kwa ajili ya mtu ambaye asingeweza kuvipata mwenyewe. Mtumishi yule hana hata neno moja katika habari nzima. Alikuwa na bwana aliyesema kwa niaba yake.

Wewe una nini ambacho mfanyakazi wako hana? Una simu yenye salio. Unajua kusoma fomu. Unamjua daktari fulani. Ukisimama kwenye dirisha la hospitali ya rufaa ya Kisii unasikilizwa haraka kuliko yeye. Hivyo ndivyo vitu vya kutumia. Niseme vitatu.

Kwanza, bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 NHIF ilipisha SHA. Kwa mwenye mshahara makato ni asilimia 2.75, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mtu anayelipwa 12,000 anakatwa 330. Pesa hiyo inatakiwa ifike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Sasa sikiliza, mwajiri. Kama unamkata 330 kila mwezi na huipeleki, siku atakapofika hospitali ataambiwa hana bima. Hilo haliitwi kuchelewa. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa na wenye mashamba unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Kama hujawahi kumsajili, msajili wiki hii akiwa bado mzima. Ni kazi ya dakika chache kwa simu, kupitia *147#. Ugonjwa ukishaingia, kila siku ya kuchelewa ni gharama.

Pili, likizo. Sheria ya Ajira inasema mtu akishafanya kazi miezi miwili mfululizo, ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, akiwa na barua ya daktari. Msichana wa kazi yumo humo pia. Wengi wetu hata hizo hatutoi. Lakini niwaambie ukweli: siku 14 zinatosha malaria. Hazitoshi kansa. Mtu wa figo anakaa kwenye mashine mara mbili au tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara. Mtu anayechomwa kwa miale huenda siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mara nyingi ni safari ya Nairobi au Eldoret, na nauli, na mahali pa kulala. Sheria inakuonyesha mahali ambapo huruhusiwi kushuka chini yake. Haikukatazi kupanda juu.

Tatu, ujuzi wa ugonjwa wenyewe. Woga mwingi ni wa kutojua. Kifua kikuu kinatibiwa, kwa kawaida kwa miezi sita, na dawa ni bure katika hospitali za serikali. Mara nyingi baada ya wiki mbili hivi za dawa mtu hawezi tena kuambukiza, na daktari ndiye wa kuthibitisha. Mwenye virusi vya ukimwi akinywa dawa zake vizuri anafanya kazi miaka na miaka, na huambukizwi kwa kula naye wala kushika jembe aliloshika. Kabla ya kuamua habari ya mtu, muombe ruhusa, kisha umuulize daktari wake jambo moja: anaweza kufanya kazi gani, na asiifanye ipi?

Hesabu ya mama wa Keroka

Kuna mama mmoja mshirika ana hoteli Keroka. Amenipa ruhusa nisimulie bila majina, na mpishi wake pia ameruhusu. Mpishi ana miaka sita pale. Mwaka huu aligunduliwa kansa ya matiti, akaanzishiwa dawa ya mishipa, mara moja kila wiki tatu. Mama akaja kuniona baada ya ibada. Akasema, "Pasta, nikimweka, nitamlipa na nini? Na nikimwachisha, nitaimba vipi Jumapili?"

Sikumjibu kwa mstari wa Biblia. Nilimwambia alete daftari la hoteli. Tukaketi, mpishi mwenyewe akiwepo, tukapanga. Wiki ya kwanza baada ya dawa mwili umechoka kabisa, harufu ya mafuta inamtapisha, apumzike nyumbani. Wiki ya pili na ya tatu ana nguvu kiasi. Aje nusu siku akae kaunta, mbali na moshi, na msaidizi wa jikoni ashike sufuria. Wiki ile moja ya mapumziko atafutwe kibarua wa kupika, shilingi 500 kwa siku, siku sita. Jumla ni 3,000 kila wiki tatu.

Mama aliiangalia ile namba akanyamaza. Usiku mzima alikuwa ameona malaki kichwani. Kumbe kitu alichokuwa anakiogopa kilikuwa 3,000. Si kidogo, kwa hoteli ya chai na mandazi. Lakini kinabebeka. Tukaandika makubaliano ukurasa mmoja: saa za kazi, malipo, na kwamba kila mwisho wa mwezi tunaketi tena kuangalia. Wote wakatia sahihi. Mpishi bado yuko kwenye matibabu. Sijui itakuwaje, na hakuna anayejua ila Mungu. Ninachojua ni kwamba anapokwenda hospitali hapigani vita viwili.

Nataka wafanyabiashara mshike hili: woga hauna namba. Ukichukua kalamu ukaandika, mara nyingi mzigo unapungua. Na wakati mwingine kalamu itakuonyesha kwamba kweli hutaweza peke yako. Hapo ndipo unajua uombe msaada wa kiasi gani.

Kiti chake kibaki chake

Mnamkumbuka Bob Collymore wa Safaricom. Mwaka 2017 aligunduliwa saratani ya damu, na Oktoba mwaka huo akaenda Uingereza kutibiwa. Alikuwa mkurugenzi mkuu, lakini naye alikuwa ameajiriwa, na juu yake kulikuwa na bodi. Kazi za kila siku zilishikwa na mkuu wa fedha, Sateesh Kamath, akisaidiwa na Joseph Ogutu. Karibu miezi tisa baadaye, Julai 2018, Collymore akarudi ofisini. Mwaka 2019 mkataba wake ukaongezwa mwaka mmoja. Alifariki tarehe 1 Julai 2019.

Mtaniambia, "Pasta, hiyo ni kampuni ya mabilioni." Ni kweli. Lakini angalieni yale ambayo hayakuhitaji mabilioni. Waliteua mtu wa kushikilia kazi, kwa jina. Kiti kikabaki cha mwenyewe. Aliporudi alipewa kazi, hakupewa pole tu. Hawakumzika kabla hajafa. Mambo hayo hata mwenye kibanda cha viazi Daraja Mbili anaweza kuyafanya.

Mtume Paulo alifanya vivyo hivyo. Soma Wafilipi 2. Epafrodito alitumwa kumhudumia Paulo, akaugua karibu na kufa. Paulo hakuandika barua kwamba mtumishi wenu amenilemea. Anamwita ndugu, mtenda kazi pamoja naye, askari mwenzake. Anamrudisha nyumbani na kuagiza apokewe kwa furaha na aheshimiwe. Kurudi nyumbani mgonjwa kusiwe aibu. Na kurudi kazini ukiwa dhaifu kusiwe aibu.

Na kama kweli haiwezekani?

Sitaki kuwahubiria kana kwamba kila duka lina fedha zisizoisha. Kuna ugonjwa ambao hautamrudisha mtu kazini. Kuna biashara ya watu wawili, mmoja akianguka na ya pili inaanguka. Mwaka 2013 mahakama ya ajira ya nchi yetu ilisema jambo la busara katika kesi ya namna hii: mwajiri hatarajiwi kumshikilia mfanyakazi mgonjwa milele, lakini ni lazima aende kwa uangalifu na huruma, amsaidie kwanza apone arudi kazini, na ikishindikana afuate utaratibu. Utaratibu uko kwenye kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira: umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mfanyakazi mwenzake wa kusimama naye, na umsikilize kabla ya kuamua. Lugha anayoielewa! Kama ni Ekegusii, sema Ekegusii. Usimsomee mama wa miaka 55 karatasi ya Kiingereza.

Na ukifika huko, mlipe kila senti yake, mpe barua nzuri, usimwambie "nitakuita" kama hutamwita. Halafu endelea kumtembelea. Mkataba wa kazi unaweza kuisha. Ujirani hauishi, na ndugu katika Kristo haachishwi.

Maombi na dawa

Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini Yesu anaponya, na hatutaacha kuamini. Akida alisema Yesu atamke neno tu, na Yesu akastaajabia imani ile. Yakobo 5 inatuagiza wazee waitwe, waombe, wampake mgonjwa mafuta. Tutafanya hivyo.

Lakini imani ya kweli haitupi dawa. Hezekia aliomba, Isaya akamletea jibu la Mungu, na ni Isaya huyo huyo aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Luka aliyetuandikia habari ya akida alikuwa tabibu. Basi nasema mbele ya kanisa zima: mwajiri yeyote, mwombaji yeyote, au mtumishi yeyote atakayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani, hajatumwa na madhabahu hii. Ukiponywa, daktari atakupima naye ataona. Muujiza hauogopi maabara.

Neno kwa wafanyakazi wenzake

Wazee wetu walikuwa na egesangio. Majirani walilima shamba la huyu leo, kesho la yule, mpaka yote yaishe. Leo tuna michango, na tunajitahidi. Lakini hebu tujiulize. Mtu akifa, ndani ya siku tano kamati imeundwa, hema limelipwa, basi limekodiwa, ng'ombe amenunuliwa. Mtu yule yule alipokuwa hai akiomba nauli ya kwenda hospitali Nairobi, grupu lilikuwa kimya. Nyasae atusamehe. Jeneza zuri halimponyi mtu.

Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi pamoja na mgonjwa, mpeni egesangio akiwa hai. Mmoja achukue zamu yake ya Jumanne. Mwingine ampeleke hospitali. Mwingine apeleke chinsaga na unga nyumbani. Na msimwangalie kana kwamba tayari ni marehemu. Mtanieni kama zamani. Mwacheni acheke.

Neno kwako unayeumwa

Pengine umesoma mpaka hapa ukiwa umeficha karatasi ndani ya Biblia hii hii. Nakuambia mambo matatu. Kuugua kwako si uthibitisho kwamba umetenda dhambi. Mwambie mwajiri wako mapema, ukienda na mtu unayemwamini, na barua ya daktari. Na usifikiri thamani yako ilikuwa kwenye mikono inayofanya kazi. Yule mtumishi wa Kapernaumu alikuwa hawezi kufanya lolote, na bado aliitwa wa thamani.

Wiki hii tufanye hivi

1. Andika majina ya wote unaowalipa. Kando ya kila jina andika anapoishi na mtu wa kupigiwa simu akipata shida.
2. Hakikisha kila mmoja amesajiliwa SHA na makato yake yamefika. Kama kuna pesa uliyokata hukuipeleka, ipeleke kabla ya Jumapili.
3. Kama una mfanyakazi mgonjwa, mtembelee. Usiende mikono mitupu.
4. Kama kuna uliyemwacha njiani, hata kama ni miaka mitatu iliyopita, mtafute.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

Kwa nini Daudi alimlisha Mmisri kabla ya kumuuliza habari zake? Una uwezo gani ambao unaweza kuutumia kwa ajili ya mfanyakazi wako kama akida alivyofanya? Kikundi chetu kinaweza kuweka akiba gani kwa ajili ya nauli za matibabu, ili tusisubiri mazishi?

Tuombe

Baba, unawajua wote walio vitandani leo, Kisii na Nyamira, ambao wanahesabu siku za kazi walizokosa. Watie nguvu. Wape waajiri wao moyo wa akida, utuondolee moyo wa Mwamaleki. Tufundishe kuwa na mkate mkononi kabla ya swali mdomoni. Ponya, Bwana, na pale unaponyamaza, tusaidie tusiondoke. Katika jina la Yesu, Amina.